Upepo wa Mpira: Hila ya Mtu au Tabia ya Hewa?

Wapenzi wa kandanda hawahitaji ushahidi mwingi ili kumtuhumu mpinzani. Timu ikifungwa, husemwa kwamba mwamuzi amenunuliwa. Mlinda mlango akiteleza, husemwa kwamba kuna kitu kilichozikwa golini. Na mpira usiporuka kama ulivyotazamiwa, husemwa kwamba umepunguzwa upepo makusudi. Tuhuma mbili za kwanza hazina njia ya kuingia katika maabara. Ya tatu inayo, kwa sababu upepo uliomo ndani ya mpira ni kitu kinachopimika, na hewa ina kanuni zake ambazo hazimwulizi mtu yeye ni shabiki wa timu gani. Katika makala haya tutaichunguza tuhuma hiyo kwa kufuata kesi moja mashuhuri iliyotokea Marekani mwaka 2015. Kisha tutairudisha nyumbani, katika mkoa wa Songwe, ambako mpira unaweza kupungukiwa au kuzidiwa na upepo bila kuguswa na mkono wa mtu yeyote, kwa kusafirishwa tu.

Mkoa wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na kuwa na makao yake makuu Vwawa, unafaa sana kwa somo hili. Mji wa Tunduma, ulio mpakani ukitazamana na Nakonde ya Zambia, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam huufikia baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo ikielekea Kapiri Mposhi. Lakini ndani ya mkoa huo huo, wilaya ya Momba huteremka kutoka uwanda wa juu hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambalo kimo chake ni karibu mita 800 tu. Kwa hiyo timu inaweza kutoka kwenye baridi ya uwanda wa juu asubuhi na kucheza katika joto la bondeni jioni, bila kuvuka mpaka wa mkoa. Tuone hali hiyo inaufanya nini mpira.

Sheria inasemaje

Sheria ya pili ya mchezo wa kandanda huueleza mpira kwa vipimo vichache. Mzingo wake uwe kati ya sentimita 68 na 70. Uzito wake mwanzoni mwa mchezo uwe kati ya gramu 410 na 450. Na kanieneo ya hewa iliyo ndani yake iwe kati ya angahewa 0.6 na 1.1, kwa usawa wa bahari. Kanieneo ni nguvu ya msukumo inayoangukia kila sehemu ya eneo. Angahewa 1 ni msukumo wa hewa ya dunia kwa mtu aliyesimama ufukweni, takriban kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Mafundi wa pancha wanaotumia vipimo vya Kiingereza huuita pauni 14.7 kwa inchi ya mraba.

Msomaji ayatazame vizuri maneno yale ya mwisho, "kwa usawa wa bahari". Waamuzi wengi huyapita mbio, ingawa ndiyo yanayobeba mgogoro wote.

Kipimo cha upepo, yaani geji, hakipimi kanieneo yote iliyo ndani ya mpira. Kinapima tofauti tu kati ya kanieneo ya ndani na ile ya nje. Mpira uliolegea kabisa si kwamba hauna hewa. Una hewa yenye kanieneo sawa na ya nje, na ndiyo maana geji husoma sifuri. Basi geji ikisoma 0.7 ufukweni Dar es Salaam, kanieneo kamili ndani ya mpira ni 0.7 kuongeza 1.0, yaani angahewa 1.7. Huko Tunduma hewa ya nje ni nyepesi zaidi. Kwa kimo cha mita 1,600 kanieneo yake ni karibu angahewa 0.82. Geji ile ile ikisoma 0.7 hapo, kanieneo kamili ndani ya mpira ni angahewa 1.52 tu. Mipira miwili inaonyesha namba moja, na kila mmoja una kiasi chake cha hewa.

Wakazi wa uwanda wa juu wameliona jambo hili mara nyingi katika maduka yao. Pakiti za krispu zilizofungwa pwani hufika zimevimba kama mito. Hakuna aliyeziongeza upepo njiani. Ni hewa ya nje iliyopungua nguvu ya kuzibana. Dereva wa lori hayaoni hayo katika matairi yake, na sababu ni ya hesabu tu. Kutoka pwani hadi Tunduma geji huongezeka takriban pauni 2.6. Kwa tairi la pauni 100 ongezeko hilo ni dogo mno, lakini kwa mpira uliojazwa pauni 9 ni zaidi ya robo ya upepo wote.

Joto na hewa iliyofungiwa

Jambo la pili ni joto. Hewa ni chembe ndogo mno zisizotulia, zinazogonga kuta za chombo kilichozifungia. Chombo kikipata joto, chembe hukimbia zaidi na kugonga kwa nguvu zaidi. Kikipoa, hupunguza mwendo. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mfaransa Guillaume Amontons alikwisha kuonyesha kwamba kanieneo ya hewa iliyofungiwa hupanda na kushuka pamoja na joto kwa uwiano maalumu. Uwiano huo ni sahili iwapo joto litahesabiwa kuanzia kwenye sifuri ya kweli, ambayo ni nyuzi 273 za sentigredi chini ya kiwango cha barafu. Nyuzi 27 za kawaida ni nyuzi 300 katika hesabu hiyo, inayoitwa kipimo cha Kelvin. Ngozi ya mpira uliokwisha kujazwa hainyumbuki sana, kwa hiyo tunaweza kuuchukua ujazo wake kuwa haubadiliki.

Kanuni basi ni hii: chukua kanieneo kamili, izidishe kwa joto jipya la Kelvin, igawanye kwa joto la zamani la Kelvin, kisha toa kanieneo ya hewa ya nje. Jibu ndilo litakalosomwa na geji.

Nasisitiza neno "kamili", kwa kuwa hata mabingwa wamejikwaa hapo. Mtu akizidisha namba ya geji peke yake, badala ya kanieneo kamili, atapata badiliko dogo kuliko lile la kweli kwa zaidi ya nusu. Mwanafalaki mashuhuri wa Marekani, Neil deGrasse Tyson, alifanya hesabu ya namna hiyo hadharani Januari 2015, akasema kwamba ili joto liwe ndilo la kulaumiwa, mipira ingelazimu kujazwa hewa yenye joto la ajabu. Baadaye aliisahihisha hesabu yake mwenyewe. Lakini masahihisho hayakimbii kama kosa, na wengi walikwisha kuondoka na jibu la kwanza.

Kesi ya Foxborough

Tarehe 18 Januari 2015, katika uwanja wa Foxborough karibu na Boston, timu ya New England Patriots ilikutana na Indianapolis Colts katika mpira wa Kimarekani, mchezo ambao mpira wake una umbo la yai na hurushwa zaidi kwa mkono kuliko kupigwa kwa mguu. Katika ligi hiyo kila timu huleta mipira yake na kuitumia inaposhambulia, utaratibu ulioanza mwaka 2006. Hapo ndipo penye tofauti na kandanda letu, ambamo timu zote mbili huugombania mpira mmoja. Huko Marekani mrushaji anayependa mpira laini, unaoshikika vizuri kwa vidole vyenye baridi, angeweza kunufaika peke yake. Kanuni ilitaka mipira iwe na upepo kati ya pauni 12.5 na 13.5 kwa geji. Patriots walipenda mpaka wa chini, 12.5, Colts walijaza karibu 13.

Mchezaji wa Colts alinasa mpira mmoja wa Patriots, na kabla ya kipindi cha pili waamuzi wakachukua mipira na kuipima. Ilipimwa mipira 11 ya Patriots na minne tu ya Colts, kwa sababu muda wa mapumziko ulikwisha. Patriots walishinda mchezo huo kwa 45 kwa 7.

Siku mbili tatu baadaye ikatangazwa katika vyombo vya habari kwamba mipira 11 kati ya 12 ilikuwa imepungua pauni 2 kila mmoja. Taarifa hiyo haikuwa ya kweli, lakini juu yake yalijengwa mabishano ya nchi nzima. Vipimo halisi vilipochapishwa tarehe 6 Mei 2015, katika ripoti ya kurasa 243 iliyoandikwa chini ya wakili Ted Wells, ilionekana kwamba mpira mmoja tu ndio uliofikia upungufu wa pauni 2 kamili, tena kwa geji moja kati ya mbili zilizotumika. Kwa geji ya pili hapakuwa na hata mmoja. Katika miezi mitatu na nusu iliyopita katikati, mashabiki wa Boston walikwisha kuapa kwamba timu yao inaonewa, na mashabiki wa miji mingine walikwisha kuapa kwamba wezi wamekamatwa. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya namba ambayo haikuwapo.

Sasa tufanye hesabu. Mipira ya Patriots ilikuwa na pauni 12.5 kwa geji, tukiongeza 14.7 ya hewa ya nje tunapata 27.2. Chumba ilimopimwa kabla ya mchezo kilikuwa na joto la kati ya nyuzi 19 na 22 za sentigredi, na uwanjani joto lilikuwa karibu nyuzi 9. Kwa Kelvin, ni kutoka kama 293 au 295 hadi 282. Kanuni yetu inatoa jibu la kati ya pauni 11.3 na 11.5. Hivyo basi, mipira isiyoguswa na mtu ilipaswa kuonekana iko chini ya sheria kwa zaidi ya pauni nzima. Hakuna anayeipinga sehemu hii. Hata wataalamu walioajiriwa na ligi waliikubali.

Wastani wa mipira 11 ulikuwa 11.49 kwa geji moja na 11.11 kwa geji nyingine. Kwa geji ya kwanza mipira imo ndani ya matarajio ya fizikia. Kwa geji ya pili imepungua kuliko yaliyotarajiwa, japo si kwa kiasi kikubwa. Basi jambo zima linategemea swali moja: ni geji ipi iliyotumika kabla ya mchezo? Geji zenyewe zilitofautiana kwa pauni 0.3 hadi 0.45 zilipopima mpira mmoja. Mwamuzi mkuu alikumbuka, kwa kadiri alivyoweza, kwamba alitumia ile inayosoma juu. Ripoti ikaamua kwamba kumbukumbu yake haikuwa sahihi na kwamba alitumia ile nyingine. Vipimo vya kabla ya mchezo havikuandikwa popote. Kwa maoni yangu shauri la kisayansi lilikwisha hapo. Mtu hawezi kutafuta tofauti ya sehemu ya pauni kwa kutumia geji mbili zinazohitilafiana kwa kiasi hicho hicho, huku kipimo cha mwanzo kikiwa ni kumbukumbu ya mtu.

Ripoti iliegemea zaidi mipira minne ya Colts, ambayo wastani wake ulikuwa 12.44 kwa geji moja na 12.63 kwa nyingine. Ilidai kwamba iwapo baridi ndiyo iliyopunguza upepo, ingalipunguza mipira ya timu zote mbili kwa usawa. Hoja hii inavutia, lakini ina ufa. Mipira ya Patriots ilipimwa kwanza, mara baada ya kuingizwa ndani. Ile ya Colts ilipimwa baadaye, ikiwa imekwisha kukaa kwa dakika kadhaa katika chumba chenye joto. Mpira unaokaa ndani hurudia kanieneo yake kidogo kidogo, na mpira uliolowa huchelewa kupata joto kuliko mkavu. Isitoshe, katika mpira wa tatu wa Colts ile geji iliyosoma chini katika mipira mingine mitatu ilisoma juu, jambo linaloleta shaka kwamba namba ziliandikwa mahali pasipo pake. Tukumbuke pia kwamba kwa geji moja, mitatu kati ya hiyo minne ya Colts ilikuwa chini ya 12.5, na hakuna aliyewatuhumu Colts.

Haki inatutaka tuutaje na ushahidi wa upande wa pili. Mhudumu mmoja wa Patriots aliibeba mifuko ya mipira kuelekea uwanjani bila ruhusa ya waamuzi, na njiani akaingia nayo chooni kwa sekunde 100 hivi. Palikuwapo pia ujumbe wa simu wa miezi ya nyuma, ambamo alijiita kwa jina la utani lenye maana ya mpunguza upepo. Mambo haya hayapimwi kwa geji, na msomaji anaweza kuyapa uzito anaoona yanastahili. Ripoti ilihitimisha kwamba ilielekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli kwamba wahudumu walipunguza upepo, na kwamba mrushaji mkuu, Tom Brady, alijua kwa jumla yaliyotendeka.

Adhabu ilikuwa nzito. Klabu ilitozwa dola milioni 1 na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua wachezaji wapya. Brady alifungiwa michezo minne. Jaji Richard Berman aliifuta adhabu ya Brady tarehe 3 Septemba 2015. Mahakama ya rufani ikairudisha tarehe 25 Aprili 2016, majaji wawili kwa mmoja. Aliitumikia mwanzoni mwa msimu wa 2016, kisha Februari 2017 akatwaa ubingwa na timu ile ile. Ni vema kujua kwamba majaji wa rufani hawakuulizwa kama hewa ilipungua kwa baridi. Waliulizwa kama mkuu wa ligi alikuwa na mamlaka ya kuadhibu kwa mujibu wa mkataba wa wachezaji. Mashabiki waliosherehekea hukumu ile kana kwamba ni hukumu ya fizikia walikuwa wakisherehekea jambo jingine kabisa. Msimu uliofuata mchezo ule ligi ilipima mipira kwa ghafla katika baadhi ya michezo, na vipimo hivyo vingaliweza kutuonyesha mipira isiyotiliwa shaka hupungua kiasi gani wakati wa baridi. Ligi haikuvitoa kwa umma.

Mpira wa Tunduma

Tuirudishe kanuni yetu Songwe. Tuseme timu moja ya Tunduma inasafiri kucheza Dar es Salaam, nayo inaombwa ije na mipira yake. Mtunza vifaa anaijaza saa sita mchana, joto likiwa nyuzi 25, hadi geji inaposoma 0.70. Amekaa vizuri ndani ya sheria. Kanieneo kamili ni 0.70 kuongeza 0.82, yaani 1.52. Mipira inateremshwa hadi pwani, ambako joto ni nyuzi 30 na hewa ya nje ni angahewa 1. Tukizidisha 1.52 kwa 303 na kugawanya kwa 298 tunapata 1.55, tukitoa 1, geji ya mwamuzi inasoma 0.55. Mipira yote ni haramu. Si mmoja au miwili, bali yote kwa pamoja na kwa kiasi kinacholingana, jambo ambalo macho ya shabiki mwenye hasira hulihesabu kuwa ndilo thibitisho la njama. Kwa mwanafizikia linaelekea upande mwingine: mkono wa mtu mwenye haraka chooni hauwezi kuitoboa mipira kumi kwa sindano na kuiacha sawasawa, ila mabadiliko ya hewa hufanya hivyo bila taabu.

Lau mtunza vifaa yule angeijaza mipira yake alfajiri, joto likiwa nyuzi 12, na geji ikisoma 0.70 hiyo hiyo, mpira ungefika Dar es Salaam ukisoma 0.62 na kupita bila swali. Mtu ni yule yule, na pampu na geji ni zile zile. Kilichomtenga mkosaji na mwadilifu ni saa ya kujaza.

Safari ya kupanda ina hatari iliyo kinyume. Timu ya pwani inayopenda mpira mgumu ikijaza hadi 1.05 alfajiri, joto likiwa nyuzi 22, mpira huo ukipimwa Tunduma mchana wa nyuzi 25 utasoma 1.25, juu ya mpaka wa 1.1. Mlinda mlango wa nyumbani atalalamika kwamba wageni wameleta jiwe, na kwa mara moja lalamiko lake litakuwa na hesabu ndani yake. Hali ni hiyo hiyo kwa viwanja vyote vya nyanda za juu kusini, ukiwamo ule wa Sokoine mjini Mbeya, ambao timu za pwani huuendea kila msimu wa ligi.

Katika kupanda huko kuna jambo jingine ambalo hukorogwa na upepo wa mpira, nalo si lake. Hewa ya Tunduma ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya ufukweni. Mpira unaopita katika hewa hiyo hupata upinzani mdogo, kwa hiyo huenda mbali zaidi, na ule unaopigwa kwa kuzungushwa hupinda kidogo kuliko kawaida. Mpiga adhabu aliyezoea pwani huona mpira wake umepita juu ya mwamba, naye hutazama chini na kuulaumu mpira. Mpira ule ule ukipimwa utakutwa hauna dosari.

Na je, mpira ulio laini humnufaisha nani katika kandanda? Hauruki sana ukianguka, hutulia miguuni, na hunyonya nguvu ya teke kwa kujibonyeza, hivyo mashuti ya mbali hupungua mwendo. Timu ya pasi fupi itaupenda. Timu ya mipira mirefu itauchukia. Lakini kwa kuwa wote wanauchezea, faida yake ni ya mtindo wa mchezo na haimwendei mtu mmoja. Mfano wa zamani ni fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, iliyochezwa Montevideo tarehe 30 Julai 1930. Argentina na Uruguay zilikataa kila moja kuchezea mpira wa mwenzake, na ikaamuliwa kipindi cha kwanza kichezwe kwa mpira wa Argentina na cha pili kwa wa Uruguay. Argentina iliongoza 2 kwa 1 hadi mapumziko. Uruguay ikamaliza kwa 4 kwa 2. Wapo wanaousimulia mchezo huo kama thibitisho kwamba mpira ndio uliofunga mabao. Mchezo mmoja hauthibitishi kitu, ingawa hadithi yake inapendeza.

Jaribio la shule

Shule yenye mpira mmoja, pampu, sindano, geji na kipimajoto inaweza kulifanya jaribio hili kwa muda wa saa moja. Jaza mpira chumbani hadi 0.7 na uuache kwa nusu saa, ili hewa iliyopata joto kwa kusukumwa na pampu ipoe. Pima na kuandika kanieneo pamoja na joto la chumba. Uzamishe mpira katika ndoo ya maji baridi kwa dakika ishirini, ukiukandamiza usielee, kisha upime tena. Kwa mpira uliojazwa Tunduma katika nyuzi 25 na kupozwa hadi nyuzi 12, geji itashuka hadi karibu 0.63. Mwisho uache chumbani hadi upate joto lake la awali na upime mara ya tatu. Hautarudi kikamilifu, kwa kuwa kila geji inapochomekwa huiba hewa kidogo. Ili kukijua kiasi hicho, tumia mpira wa pili usiotiwa majini, uupime mara zile zile, na uone umepungua kiasi gani. Wapimaji wa Foxborough hawakuwa na mpira wa namna hiyo.

Iwapo shule ina geji mbili, wanafunzi wasiuchague ule mwenye namba inayowapendeza. Wapime mpira mmoja kwa zote mbili mara kumi kumi, bila mpimaji wa pili kujua aliyoyasoma wa kwanza, na waandike tofauti. Geji nyingi za bei nafuu zitawashangaza.

Kwa wale watakaotaka zoezi la hesabu, hili hapa la ndani ya mkoa. Mpira umejazwa Tunduma hadi 0.65 katika nyuzi 15, ukapelekwa Kamsamba, bondeni, ambako tuchukue kimo kuwa mita 800, hewa ya nje kuwa angahewa 0.91 na joto la alasiri kuwa nyuzi 32. Kanieneo kamili ya 1.47 inapanda kwa joto hadi 1.56, tukitoa 0.91 tunapata 0.65. Joto la bonde limerudisha karibu chote kilichochukuliwa na uzito wa hewa yake, na geji inasoma kana kwamba mpira haukusafiri. Mpira huo ukilala Kamsamba na kupimwa alfajiri katika nyuzi 20, utasoma 0.59.